Bomba Chini ya Kitanda

4 Agosti

Daftari hili lilikuwa la Nikolaus. Kurasa za mbele kaandika yeye: oili ilibadilishwa lini, tairi lipi lilizibwa, bushi zipi zimekufa. Za nyuma hakuzifikia. Naanza kuzijaza mimi, mkewe, Stumai, kwa sababu leo nimekaa juu ya boksi kwa saa nzima ili shemeji yangu asilichukue, na nisipoyaandika nitapasuka.

Denis, mdogo wa marehemu, alikuja asubuhi na mfuko wa spana.

"Shikamoo shemeji. Lete lile bomba nilifunge, nina nafasi leo."

Bomba lenyewe ni bomba la hewa baridi. Nikolaus aliliagiza Dar mwaka jana, mwezi kama huu, likakaa chini ya kitanda chetu, na Machi akaanguka kwa presha kabla ya kulifunga. Ukilifunga, unang'oa kasha la filta la kiwandani, na injini inavuta hewa kutoka chini, nyuma ya bampa, ambako hakuna joto. Gari linapata nguvu, tena linanguruma. Denis anaupenda mngurumo huo kama mtoto anavyopenda filimbi.

Nikamwambia sijaamua. Akasema marehemu alishaamua. Ndipo nikalivuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikalikalia sebuleni, nikaendelea kuchambua mchele. Akachoka, akaenda zake.

Niandike na hili nisije nikalisahau kwa hasira. Siku ya arobaini, baba mkubwa Nathanaeli alisimama mbele ya ukoo akasema: pikapu ikae kwa Stumai mpaka kikao cha Desemba. Ikifika Desemba inatembea, ni yake. Ikimshinda, inakwenda kwa Denis. Hakuna aliyekumbuka kwamba nusu ya pikapu hiyo ililipwa na mbuzi wangu kumi na wanne niliokuja nao kutoka Kwa Mtoro. Haya. Mpaka Desemba.

9 Agosti

Vumbi. Nimefua khanga mara mbili na bado maji ni chai ya maziwa.

12 Agosti

Nimekwenda gereji kwa fundi Zablon, hapa hapa Ihumwa, nikambebea na boksi. Filta ya karatasi niliyonayo imechoka. Kila wiki naigonga kwenye tairi vumbi litoke, kama wanavyofanya madereva wote wa huku, na sasa imechanika pembeni. Ama nifunge bomba, ama nitafute kitu kingine.

Fundi Zablon ni mtu wa kununa. Akaligeuzageuza bomba, akalirudisha kwenye boksi kwa adabu.

"Si baya. Kwa mtu wa lami ni zuri sana. Wewe unapita lami?"

"Mpaka Buigiri."

"Baada ya Buigiri?"

"Vumbi. Halafu korongo, ndipo nifike kwa wakwe."

Akachuchumaa mbele ya pikapu, akaweka kiganja nyuma ya bampa, usawa wa goti lake. "Pua ya bomba itakaa hapa. Kiangazi itanusa vumbi la kila gari lililokutangulia. Masika itanusa maji. Injini ikinywa maji, mama, hiyo si ya kutengeneza, ni ya kuzika."

Kisha akanionyesha filta ya pamba. Inaingia ndani ya kasha lile lile la zamani, hukati kitu, hutoboi kitu. Ikichafuka unaiosha, unaikausha kivulini, unaipaka mafuta yake maalumu, unairudisha. Nikamuuliza nguvu itaongezeka? Akasema labda kidogo, mwenyewe sitaiona. "Ila mtaheshimiana na vumbi."

Nimechukua ya pamba. Boksi limerudi chini ya kitanda.

20 Agosti

Zabibu zimeanza. Nabeba za Erica, mkulima wa ng'ambo ya korongo, mpaka kiwanda cha mvinyo, safari mbili kwa siku. Nanuka jasho na sukari.

31 Agosti

Baada ya ibada nimekwenda kumwamkia Mama, yaani mama mkwe wangu, Emilia. Nikampelekea sukari na sabuni. Akapokea kwa mkono mmoja.

"Mbukwa, Mama," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa." Akaiweka sukari chini. "Mwanangu alinunua kitu kwa mapenzi yake. Wewe umekilalia."

Nilitaka kumwambia kwamba kila usiku namlilia huyo mwanao juu ya hicho kitu. Badala yake nikafagia uwanja wake wote, nikaondoka. Wifi mmoja akanisindikiza kwa kuigiza jinsi ninavyopiga vidoko vya ulimi ninapoongea Kisandawe na mama yangu kwenye simu. Nikampigia vidoko hasa, kwa sauti, sentensi nzima. Hataijua maana yake mpaka afe.

14 Septemba

Leo ni zamu ya kuosha filta. Imetoa tope hilo! Imekauka vizuri, lakini kichupa cha mafuta yake kimekwisha, mara ya kwanza nilimwaga kwa pupa. Fundi Zablon yuko Zuzu kwenye msiba, na kesho alfajiri Erica ananisubiri shambani na kreti zake za zabibu.

Nina dumu la alizeti jikoni. Mafuta ni mafuta. Nimepaka, yameenea vizuri kuliko hata yale ya kwenye kichupa, na rangi inapendeza. Najipongeza.

22 Septemba

Najipongeza! Mjinga mimi.

Nimeanza kuona juzi, gari linavuta kwa shida. Nikasema ni mzigo. Jana likatoa moshi mweusi. Nikasema ni dizeli mbaya. Leo, nimeshavuka korongo, sijafika Buigiri, nyuma nina kreti arobaini za Erica, likakohoa mara tatu kwenye kale kamwinuko, likazimika. Saa saba mchana. Hakuna hata mti wa kumkinga nzi.

Zabibu haina subira. Ikikaa juani inalainika, inaanza kutoa maji, na pale kiwandani wanakurudisha nayo. Nikafunika kreti kwa magunia, nikayamwagia maji yangu yote ya kunywa. Kisha nikakaa chini ya gari nikimpigia simu kila ninayemjua, na aliyepokea wa kwanza alikuwa Denis. Ndivyo bahati yangu ilivyo.

Akaja na pikipiki. Akafungua boneti, akafungua kasha, akatoa filta. Ilikuwa imeganda. Alizeti ilikuwa imeiva kwa joto ikawa gundi, na vumbi lote la wilaya limenata juu yake kama ukoko wa ugali. Akainusa.

"Shemeji, humu ulikuwa unakaanga nini?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga picha, akaituma kwenye kundi la ukoo. Nilisikia simu yangu mwenyewe ikilia mfukoni, maana na mimi nimo kwenye kundi hilo.

Lakini niandike kila kitu. Ni Denis huyo huyo aliyerudi mbio na pikipiki mpaka Buigiri, akapata gari la mtu aliyekuwa anarudi tupu, tukahamisha kreti pamoja, tumevua viatu. Tisa tu ndizo zilizoharibika. Na aliponiona midomo imekauka alinipa maji yake.

Fundi Zablon jioni alisafisha sensa ya hewa iliyopakaa alizeti, akaweka filta mpya ya karatasi kwa muda, akailoweka ile ya pamba ili airudishe ikitakata. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama chapati nazo nazipika kwa oili ya injini.

Nimekosa. Nakubali nimekosa mimi, si filta. Anayetaka kuchanganya mambo hayo mawili aje tubishane.

3 Oktoba

Nimekwenda mwenyewe kwa wakwe kabla hawajaniita. Baba mkubwa Nathanaeli alikuwepo, Mama alikuwepo, Denis alikuwepo na picha yake. Nikaeleza: mafuta yaliisha, nikapaka alizeti, gari likazimika, hasara ya kreti tisa nimeibeba mimi, na Erica bado ananipa mzigo.

Mama akasema, bila kuniangalia, "Basi lifungwe bomba la Nikolaus kabla ya mvua. Yaishe."

"Hapana, Mama."

Mzee akainua kichwa. Nadhani hajawahi kumsikia mkwe akisema neno hilo peke yake, bila samahani mbele wala nyuma.

"Mpaka Desemba gari liko mikononi mwangu," nikasema. "Ndivyo ulivyosema, Baba. Likifa, litakufa kwa akili yangu."

Nililizima gari mara mbili kabla ya kutoka uani kwao. Lakini nilikuwa nimelisema.

19 Oktoba

Mama yangu mzazi anaumwa. Napanda basi kwenda Kwa Mtoro. Pikapu nimeiacha uani kwa wakwe, kuna uzio. Ufunguo wa gari nimemwachia Mama. Ufunguo wa nyumba nimemwachia jirani.

2 Novemba

Mama yangu amepona, ameshaanza kugombana na majirani. Nimerudi.

Nimefika uani kwa wakwe, nikawasha gari, nikaruka. Halikuwa gari langu. Linanguruma. Nikafungua boneti: kasha la filta hakuna, na mahali pake kuna bomba jekundu linang'aa, linashuka kwenda kwenye bampa. Denis alimwambia jirani yangu nimemtuma boksi, na jirani akafungua mlango. Mama naye akampa ufunguo wa gari.

"Nimekusaidia, shemeji," Denis akasema. "Endesha kwanza, halafu utukane."

Nikaendesha ili nikatukane vizuri. Ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitarajia. Linavuta. Nisiseme uongo kwenye daftari la marehemu: linavuta kuliko siku zote. Na ile sauti! Mwaka jana Nikolaus alinionyesha video kwenye simu, akaiongeza sauti mpaka watoto wa jirani wakaja dirishani, akasema, "Sikia, Stumai, sikia linavyopumua." Nilipofika Buigiri nikaegesha pembeni, nikaiacha injini ikinguruma, nikalia mpaka abiria wa pikipiki wakasimama kuniuliza kama nimepotelewa na mtu. Nikasema ndiyo.

10 Novemba

Sijaling'oa.

15 Novemba

Sijaling'oa. Denis anapita Ihumwa makusudi anisikie nikiwasha gari. Anatabasamu. Mama alinitumia mboga za majani, mara ya kwanza tangu msiba. Kuwakubalia watu ni raha, kumbe. Ni kama kuweka chini ndoo.

21 Novemba

Leo nimefungua mpira wa bomba, nikapitisha kidole ndani, upande wa injini, ambako hata chembe haitakiwi. Kidole kimetoka chekundu kwa vumbi.

Nikakimbilia kwa Zablon. Akakiangalia kidole changu, hakuangalia gari. "Klampu moja hajaibana, vumbi linapita pembeni. Hilo linatengenezeka," akasema. Kisha akageuka akaangalia mashariki. Mawingu yalikuwa yamejipanga, meusi chini. "Lile la maji silo."

Wiki tatu nimeendesha kwa ajili ya sauti. Nimejidanganya, na nimejidanganya kwa mapenzi, lakini Nikolaus hayumo ndani ya bomba. Injini ikifa wataichukua pikapu, nami nitabaki na video kwenye simu. Naling'oa. Na anayenuna anune mpaka Pasaka.

Nimempigia Denis nikamuuliza kasha langu liko wapi. "Nilitupa, shemeji. La nini tena?"

23 Novemba

Nimelipata. Ngoja nicheke kwanza.

Nilikwenda kwa wakwe nikapekua jalala, nikapekua stoo, nikapekua nyuma ya choo. Nikasikia kuku analalama bandani. Nikainama. Kuku wa Mama, yule mweusi mwenye shingo tupu, amelalia mayai ndani ya nusu ya kasha langu la filta. Na chini ya mayai, badala ya majani, ametandikiwa filta yangu ya pamba! Nusu nyingine, yenye klipu, ilikuwa chombo chake cha maji.

Mama akanikuta nimepiga magoti.

"Usimguse huyo. Bado siku kumi atotoe. Ukimhamisha atasusa."

"Mama, hilo ni kasha la gari."

"Nilikuta limetupwa. Kuku kalipenda."

"Mama, mvua inakuja. Gari likizama korongoni ndilo hilo hilo linalokuletea maji, linalokupeleka hospitali ya macho, linalobeba alizeti yako. Nimemwonyesha Denis, hasikii. Nakuonyesha wewe." Nikampeleka mbele ya bampa, nikamshika mkono, nikauweka pale pua ya bomba inapokaa. Mama haoni vizuri siku hizi, mtu ukitaka aone unampa ashike. Akashika. Akateremsha mkono mpaka chini, akapima umbali kwa shubiri. Akapima mara ya pili.

Akaingia ndani, akatoka na kikapu kilichotandikwa nyasi laini. Akamshika kuku yeye mwenyewe, akamnong'oneza maneno ya Kigogo, mimi nikahamisha mayai moja moja, kumi jumla, bado ya moto. Kuku akasimama kikapuni, akatuangalia kama hakimu. Akakaa.

"Akisusa utanijua," Mama akasema.

24 Novemba

Nimeosha filta mara nne. Manyoya, mavi ya kuku, alizeti ya Septemba. Mafuta yake halali nimeyapata kwa Zablon, na ameyapaka yeye. Ameniambia mikono yangu ipumzike kwanza. Kasha limerudi mahali pake, klipu zote tano. Bomba limerudi kwenye boksi, boksi chini ya kitanda.

Gari limenyamaza. Niliuogopa ukimya huo. Ni ukimya tu.

3 Desemba

Kuku hakususa. Vifaranga tisa.

7 Desemba

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha, na kikao ni leo, ng'ambo ya korongo. Nilitoka Ihumwa alfajiri. Nilipofika korongoni nikakuta magari sita yamepanga foleni na maji yanapita rangi ya kahawia, na kwenye mchanga, pembeni ya kigari kidogo cha kuazima, Denis amesimama na Mama. Alikuwa amemtoa kliniki ya macho jana, wakalala Buigiri.

Tukasubiri. Maji ya korongo letu hayana kawaida ya kukaa. Saa nne povu lilikuwa limeacha mstari juu ya ukingo na maji yameshuka, yamepoa, yanatembea polepole. Bado yalikuwa mengi kwa vigari vidogo.

Huku kwetu hakuna dereva mwenye akili anayevuka bila kuingia kwanza kwa miguu. Kwa kawaida anatumwa mwanamume. Nikakata fimbo, nikafunga khanga vizuri, nikaingia mwenyewe. Watu wakapiga kelele. Denis akaita, "Shemeji, rudi, nitaingia mimi!" Sikurudi. Nikapapasa mchanga kwa fimbo kila hatua, ni mgumu, umeshikana. Nikafika ng'ambo, nikarudi kwa njia ile ile.

Nilipotoka khanga ilikuwa imelowa mpaka juu ya goti, mstari umejichora wazi. Nikaenda moja kwa moja mbele ya pikapu, nikasimama ubavuni mwa bampa. Mstari ulikuwa juu ya pale ilipokuwa pua ya bomba, zaidi ya shubiri. Na mahali kasha langu linapovutia hewa, juu kule kwenye bawa la gari, usawa wa boneti, palikuwa pakavu na mbali.

Denis aliangalia khanga. Akaangalia bampa. Akaangalia khanga tena. Akafunga mlango wa kigari kile, akaja kumshika mama yake mkono ampandishe kwenye pikapu.

Tumevuka kwa gia nzito, bila kusimama, bila kubadili mwendo. Maji yalipiga bampa, yakagawanyika. Mama alikuwa katikati, ameshika paja langu. Denis dirishani alikuwa anaomba, nilimsikia.

Kikao kilianza saa sita. Baba mkubwa Nathanaeli akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu gari. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, na mbuzi wangu kumi na wanne walikuwa mstari wa mbele. Denis akatazama chini. Nikasimama, na kabla sijafungua mdomo Mama akainuka, akaja mpaka nilipo, akapapasa khanga yangu mpaka akaupata mstari wa tope, ulikuwa umeshakauka.

"Maji yamefika hapa," akasema. "Bomba la mwanangu lilikuwa hapa, chini. Nimeshika kwa mkono wangu. Tungekuwa wote mtoni saa hizi."

Mzee akasema taratibu, "Lakini Emilia, marehemu mwenyewe ndiye aliyelinunua."

"Alilinunua kiangazi," Mama akasema. "Hakujua hatafika kiangazi kingine."

Nililia, sikujificha. Mzee akasafisha koo, akasema gari ni la Stumai, na katibu aandike, na Denis atanisindikiza kubadili jina kwenye kadi. Nikasema nashukuru, nitakwenda peke yangu. Wakacheka, hata Denis.

8 Desemba

Denis amekuja asubuhi. Ameamkia, amekaa, ameomba chai. Amezunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe.

"Sasa shemeji, lile bomba, kwa vile hulitumii... ungeniachia mimi."

Nikamwambia hapana.

Bomba halitoki nyumba hii. Mei mvua zikikata na barabara ikikauka, nitachagua siku moja, nitafungua boneti kwa spana za Nikolaus, nitalifunga kwa mikono yangu na klampu zote nitazibana. Nitakwenda nalo lami mpaka Buigiri na kurudi, dirisha wazi, nilisikie linavyopumua. Kisha nitaling'oa, nirudishe kasha langu, niende kazini.